Leseni unayo, je, nyumba inaruhusiwa? Somo la matumizi ya eneo na sauti ya majirani

Somo la leo ni refu kidogo, lihifadhi usome taratibu ukishamaliza kujibu oda zako.

Siku hizi inbox napata swali moja kwa sura tofauti tofauti. La mwisho limetoka kwa dada mmoja wa hapa hapa Mwanza anayeuza dagaa wa kukaanga kwa pakiti. Alianza na status za WhatsApp, akapata wateja wa Dodoma na Dar, oda zikazidi jiko la nyumbani. Akapanga nyumba nzima mtaani, akalipa kodi ya miezi sita, akaweka majiko mawili makubwa na wasichana watatu wa kufungasha. Leseni anayo, TIN anayo. Mwezi wa pili majirani wakaandika barua: moshi, harufu ya mafuta, boda zimejaa getini mpaka usiku. Akaambiwa asimamishe kazi kwa sababu nyumba ile ni ya makazi. Akaniuliza, "Admin, kama leseni ninayo, wananisimamishaje?"

Swali zuri sana, na wengi wetu tuko kwenye hatari hiyo hiyo bila kujua. Leseni inajibu swali la "nani anafanya biashara gani". Haijibu swali la "je, kiwanja hiki kinaruhusu kazi hii". Hilo la pili lina ofisi yake, utaratibu wake, na ndani yake majirani wamepewa nafasi ya kusema. Twende hatua kwa hatua.

KARATASI TATU, KAZI TATU

1. Leseni ya biashara. Inatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Biashara zetu nyingi ndogo zinapata leseni halmashauri, na maombi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI. Kuna nyingine zinapatikana BRELA. Leseni yako imeandikwa mahali pa biashara. Ukihama kutoka Nyasaka kwenda Igoma usidhani karatasi ile ile inakufuata yenyewe, maana umetoka Manispaa ya Ilemela umeingia Jiji la Mwanza. Hizo ni halmashauri mbili tofauti.

2. Matumizi ya ardhi. Hapa ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Kiwanja kilichopangwa na kupimwa kina matumizi yake kwenye mchoro wa mipango miji: makazi, makazi na biashara, biashara tupu, huduma za jamii, viwanda vidogo, eneo la wazi na kadhalika. Hati miliki nayo inakuja na masharti, na mojawapo ni matumizi hayo. Mwenye hati akikiuka masharti anaweza kupewa notisi. Na akipewa notisi mwenye nyumba, anayehangaika na mzigo ni wewe mpangaji.

3. Kibali cha ujenzi. Ukitaka kutoboa ukuta wa mbele ili sebule iwe fremu, au kuongeza banda la kukaangia uani, hiyo ni kazi ya kibali kutoka halmashauri. Kumwita fundi peke yake haitoshi.

Wanaouza chakula na vipodozi wana la nne: jengo lenyewe linasajiliwa TBS. Zamani kazi hii ilikuwa ya TFDA, ikahamia TBS mwaka 2019.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na namba 1 safi kabisa, akakwama kwenye namba 2. Ndicho kilichompata dada wa dagaa.

"LAKINI MIMI NAUZA MTANDAONI TU"

Najua utasema hivyo. Duka liko Instagram, mteja hakujui hata sura. Sawa, ila mzigo uko wapi? Unapikwa wapi, unafungwa wapi, boda anauchukulia wapi? Hapo ndipo biashara yako ilipo, hata kama hakuna bango.

Mtu mwenye viatu jozi ishirini chini ya kitanda hana wa kumsumbua. Ila biashara inakua, na kuna siku nyumba inageuka mahali pa biashara bila wewe kutangaza. Jiulize haya matano:

- Je, kuna watu wasioishi hapo wanaokuja kufanya kazi kila siku?
- Je, wateja, boda au magari ya mizigo yanasimama nje mara kwa mara?
- Je, kuna moshi, harufu, kelele ya mashine au maji machafu ambayo hayakuwepo?
- Je, sehemu kubwa ya nyumba sasa ni stoo au jiko la kazi?
- Je, umebadilisha jengo, au umeweka bango, kontena au kibanda?

Ukijibu "ndiyo" hata kwenye maswali mawili, usisubiri barua. Nenda kaulize mwenyewe.

JINSI YA KUJUA ENEO KABLA YA KUTOA HELA

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Dalali anakuonyesha nyumba nzuri iliyo karibu na lami, unalipa miezi sita, unapaka rangi, unaingiza friza. Kumbe hujauliza swali la kwanza. Fanya hivi:

Hatua ya kwanza: muombe mwenye nyumba nakala ya hati, au angalau namba ya kiwanja na kitalu. Asikuonee vibaya, mwambie wazi unataka kuweka biashara gani. Mwenye nyumba anayekataa kabisa kukuonyesha chochote ameshakupa jibu.

Hatua ya pili: peleka namba hizo kwa Afisa Mipango Miji wa halmashauri husika. Kama uko Wilaya ya Nyamagana (Mkolani, Igoma, Buhongwa, Nyegezi na jirani zake) ni Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Kama uko Ilemela (Kirumba, Pasiansi, Nyasaka, Buswelu na jirani zake) ni Manispaa ya Ilemela, ofisi ziko Buswelu. Uliza maswali mawili tu: "Kiwanja hiki kimepangwa kwa matumizi gani?" na "Biashara yangu hii, kwa ukubwa huu, inaruhusiwa hapa au inahitaji kibali?"

Hatua ya tatu: eleza biashara kama ilivyo. Ukisema "nauza dagaa" utapata jibu la muuza dagaa. Ukisema "nakaanga kwa majiko mawili ya mkaa, wafanyakazi watatu, boda kumi kwa siku" utapata jibu litakalokulinda.

Hatua ya nne: andika kwenye mkataba wa pango kwamba nyumba inapangwa kwa biashara ya aina hiyo, na kwamba ikizuiliwa kwa sababu ya matumizi ya kiwanja, kodi iliyobaki inarudishwa. Mwenye nyumba makini atakubali. Sentensi hiyo moja ingeokoa kodi ya dada yetu.

KUBADILI MATUMIZI, NA WANANCHI WANAINGIA WAPI

Tuseme kiwanja ni cha makazi na kazi yako inahitaji matumizi ya biashara. Mlango upo, unaitwa maombi ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Mambo ya kujua:

Mwombaji ni mwenye kiwanja. Wewe mpangaji huwezi kubadili matumizi ya ardhi ya mtu mwingine. Utakachofanya ni kumshawishi, na mkubaliane gharama ni za nani, kwa maandishi.

Maombi yanatangazwa. Kuna tangazo la gazetini na bango kwenye kiwanja chenyewe, linalosema kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kinaombewa kubadilishwa kutoka matumizi haya kwenda yale. Mwenye pingamizi anaambiwa alete kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa hapo. Hili bango wengi tunalipita kila siku bila kulisoma, tukidhani ni tangazo la kuuza kiwanja.

Halafu wataalamu wanakagua, na maombi yanajadiliwa kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulika na mipango miji na mazingira. Waliomo ni madiwani, yaani watu mliowapigia kura. Baada ya hapo yanaendelea kwenye mamlaka za ardhi. Tangu 2020 kuna ofisi za ardhi za mikoa, kwa hiyo mambo mengi ambayo zamani yalikuwa ya safari yanaulizwa hapa hapa Mwanza.

Malipo yote ni kwa kontroo namba. Mtu akikwambia "nitumie kwenye namba yangu nikusukumie faili", achana naye.

Utaratibu huu unachukua muda. Usiingize majiko kwa sababu faili "liko njiani". Faili lililo njiani si kibali.

ZUNGUMZA NA JIRANI KABLA BANGO HALIJASIMAMA

Watu wengi wanaogopa hatua ya majirani, wanatamani ipite kimya kimya. Mimi nashauri kinyume chake. Jirani ambaye amesikia habari zako kwako mwenyewe ni tofauti kabisa na jirani aliyeamshwa na moshi wako.

Nenda jioni, nenda mwenyewe, anza na wakubwa. Kwa mfano:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Asante mama. Mimi ndiye nataka kuhamia nyumba hiyo ya pembeni. Nakaanga dagaa wa kuuza. Nimekuja kusikia kwako kwanza, ni kitu gani kingekusumbua?"
"Mie kifua kinanisumbua. Huo moshi utaingia mpaka chumbani."
"Nimekuelewa mama. Nikitumia gesi badala ya mkaa, na bomba la moshi likapanda juu ya paa upande wa barabarani?"
"Hapo tunaweza kuongea. Na hizo pikipiki?"
"Mwisho saa kumi na mbili jioni. Ikizidi, unanipigia."

Umeona? Umepata masharti matatu ambayo hakuna ofisa angekuambia: gesi, bomba, saa. Yaandike. Zungukia nyumba za kushoto, kulia, mbele na nyuma, kisha muone mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Tofauti yao ni hii: mwenyekiti amechaguliwa na wakazi, mara ya mwisho uchaguzi ulikuwa 27 Novemba 2024, na mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Muombe mwenyekiti dakika tano kwenye mkutano wa mtaa ueleze biashara yako na ahadi zako. Muhtasari wa mkutano ule ukiuambatanisha kwenye faili, kamati inaona wakazi walishirikishwa kweli.

Ila tuwe wakweli: majirani kukubali siyo kibali. Saini zao zinasaidia faili, hazichukui nafasi ya ofisi. Na kinyume chake, kibali cha ofisi hakizimi malalamiko yote. Mwaka 2023 NEMC ilifungia baa na kumbi za starehe kadhaa nchini kwa sababu ya kelele, kwa kutumia kanuni za kelele za mwaka 2015. Zile hazikuwa biashara za kujificha. Unahitaji vyote viwili, karatasi na ujirani.

KAMA WEWE NDIYE JIRANI

Haki hii ni yako pia. Labda wewe unaoka keki nyumbani kwa amani, halafu kiwanja cha pili kinaombewa gereji ya kupaka rangi magari. Rangi na unga wa ngano haviendani. Usilalamike kwenye group la mtaa tu, kule hakuna anayepiga muhuri. Andika barua fupi kabla muda wa tangazo haujaisha:

"Mkurugenzi, Halmashauri ya ________. 
Kupitia: Mtendaji wa Mtaa wa ________. 
YAH: MAONI JUU YA MABADILIKO YA MATUMIZI, KIWANJA NA. ____ KITALU ____. 
Mimi ni mkazi wa kiwanja Na. ____ kinachopakana na hicho. Nimesoma tangazo la tarehe ____. Sipingi biashara kuwepo mtaani. Hofu yangu ni hizi: (1) moshi wa rangi, kwa sababu nazalisha chakula, (2) njia ni nyembamba, magari yakiegeshwa hatupiti. Naomba maombi yakataliwe, au yakikubaliwa yawekewe masharti haya: ________. Naomba pia kujulishwa uamuzi kwa maandishi."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Na tumia barua hii kwa haki. Ukiandika pingamizi kwa sababu tu jirani anauza bidhaa kama zako, hiyo ni wivu wa biashara na kamati inauona. Sema juu ya moshi, maji, njia, kelele na usalama.

ENEO HALIJAPIMWA, AU UKO ZIWANI

Mwanza yetu mnaijua. Kule juu kwenye mawe, Mabatini, Igogo na Isamilo, nyumba nyingi zilijengwa kabla ya mchoro. Huko utaambiwa "hapa hakuna kiwanja namba". Hapo sikiliza sana neno urasimishaji. Urasimishaji ukija mtaani kwenu, wakazi wanakaa na wapimaji kukubaliana njia zipite wapi na maeneo yatumike kwa nini. Ukikosa vikao kwa sababu una oda, unaweza kukuta mbele ya fremu yako pamechorwa njia, au mtaa wote umeandikwa makazi. Kikao kile ni cha biashara yako, kihesabu hivyo.

Juu ya yote hayo kuna Mpango Kabambe wa Jiji la Mwanza wa 2015 hadi 2035, unaohusu Nyamagana na Ilemela pamoja. Ukifikiria kununua kiwanja cha biashara pembeni ya mji, uliza mpango huo unasemaje kuhusu eneo lile kabla hujasikiliza hadithi za dalali.

Kwa wanaopanga karibu na maji, labda kuanika dagaa au kuweka kibanda ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenye eneo anaweza kukupangisha kwa tabasamu na bado ukaondolewa. Hesabu hizo mita kabla ya kulipa. Na kwa kontena kando ya barabara, uliza TANROADS au TARURA mwisho wa hifadhi ya barabara uko wapi.

NENO LA MDOMO HALITUNZI MTAJI

Mji huu una kumbukumbu yake. Desemba 2016 machinga waliokuwa wanaondolewa katikati ya jiji waliruhusiwa kubaki kwa agizo la Rais Magufuli. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000. Watu wakaongeza mitaji, meza zikawa vibanda. Mwaka 2021 serikali ya awamu ya sita ikaagiza wapangwe upya, na kabla mwaka haujaisha vibanda vya katikati ya jiji vikaondoka kwenda maeneo yaliyotengwa. Sitaki kuingia nani alikuwa sahihi. Ninachokiona kama mfanyabiashara ni kwamba ruhusa ile haikuwa imefungwa kwenye kipande cha ardhi, kwa hiyo haikuweza kumlinda mwenye meza upepo ulipobadilika. Na mitaa waliyopelekwa, nani alikaa kikaoni kusema wateja wanapita wapi? Walioshiriki mapema walikuwa na nafasi ya kusema. Waliongoja matokeo waliambiwa tu pa kwenda.

DADA WA DAGAA NILIMSHAURI NINI

Nilimwambia asigombane na majirani wala asikaange usiku kwa kujificha. Agawe kazi. Ukaangaji uhamie eneo linaloruhusu, apange hata nusu ya banda na mwenzake upande wa Kirumba ambako shughuli za samaki zipo tayari. Kufunga pakiti na kujibu wateja kubaki nyumbani, maana hapo hakuna moshi wala mafuta, ila na hilo amuulize kwanza Afisa Mipango Miji. Halafu akae na mwenye nyumba waangalie kama kuna haja ya kuomba mabadiliko ya matumizi, wakianza na kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Kodi yake hajairudishiwa, bado wanazungumza.

KAZI YA WIKI HII

1. Tafuta namba ya kiwanja na kitalu cha mahali unapofanyia kazi.
2. Soma leseni yako, angalia mahali palipoandikwa. Je, ndipo ulipo?
3. Jibu yale maswali matano kwa ukweli.
4. Ongea na majirani wawili, waulize kinachowakera.
5. Muulize mwenyekiti wa mtaa tarehe ya mkutano ujao, iandike kwenye simu.
6. Ukiona bango la mabadiliko ya matumizi njiani, simama ulisome.

Mwenye swali aweke hapo chini, ataje mtaa na aina ya biashara, asiweke namba ya kiwanja wala jina la mwenye nyumba hadharani. Na kama kuna mwenzako anakaribia kulipia fremu wiki hii, mtumie somo hili kabla hajalipa.